Kitenge cha mbayuwayu alichoniachia mama, na sare ya rangi ya maziwa Tabora: naombeni mawazo

MamaBangwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Niko Kigoma. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie, jambo lenyewe nimekaa nalo siku nyingi.

Marehemu mama aliuza vitenge Mwanga, hapa hapa Kigoma. Mzigo wake ulitoka ng'ambo ya ziwa, Uvira kule Kongo, mara nyingine Bujumbura, na sisi watoto tulilala juu ya marobota. Alipofariki aliniachia kipande kimoja cha yadi sita, waksi halisi ya Holandi, hakijakatwa wala hakijaguswa na maji. Miaka tisa sasa kiko sandukuni. Chini ni rangi ya mawese, ile nyekundu-chungwa ya mawese yakiwa bado kwenye chupa hayajapata moto. Juu yake wanaruka mbayuwayu wakubwa wa buluu iliyokolea karibu iwe nyeusi, mabawa yamekunjuliwa, mikia imechanuka. Na kila ndege ana vimishipa vyembamba vimepita mwilini kama nyufa za chungu.

Mwezi ujao binti wa kaka yangu ana sendofu Tabora. Kamati imetangaza sare ya kina mama: krepu ya rangi ya maziwa, na kama kuna cha kuongezea kiwe "rangi iliyopoa". Mimi ndiye shangazi mkubwa. Nilikuwa nimeshajiapiza kwamba hiki kitenge kitatoka sandukuni siku ya huyu mtoto, kwa sababu mama ndiye aliyempa jina.

Sasa niseme kilicho moyoni. Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba rangi ninazozipenda si za mtu kama mimi. Mara wewe ni mweusi, vaa rangi ya kufifia. Mara una mwili, vaa maua madogo. Mara umeshavuka hamsini. Kuna ofisi niliwahi kufanya kazi, mkubwa wangu akaniita pembeni akaniambia nguo yangu inapiga kelele. Baada ya hapo nilivaa kijivu na udhurungi miaka miwili mizima, na nawaambia ukweli, asubuhi nilikuwa naliogopa kabati langu.

Mama alinifundisha kuangalia kitambaa kwa umbali. Alikuwa anakitundika mlangoni, ananipeleka hadi upande wa pili wa barabara, ananiuliza, "Unaona nini?" Maua madogo madogo ukiyaona toka mbali yanachanganyikana, yanakuwa tope. Ua kubwa linabaki ua. Kwa hiyo mtu mwenye mwili mkubwa akivaa maua ya kunde-kunde, mwili ndio unaoonekana, maua hayaonekani. Akivaa ndege wa ukubwa wa kiganja, jicho linafuata ndege. Hii naijua, nimeiona kwa wateja wake wa kila umbo.

Na weusi wetu! Buluu nzito na rangi ya mawese juu ya ngozi nyeusi hazigombani. Rangi iliyofifia ndiyo inayoifanya ngozi yangu ionekane kama imepakwa majivu.

Naomba mawazo. Nivae kitenge nivunje sare? Nivae sare niache kitenge? Au kuna njia ya katikati ambayo haitamuumiza mtu wala kuharibu nguo ya mama?

---

Mnyanyembe

Mwangaluka dada. Pole kwa mama, na hongera kwa binti.

Mimi ni wa Tabora, nimeshakaa kwenye kamati kama hizo mara nyingi. Nikuombe usiivunje sare. Sare haiwekwi kwa ajili ya kuua rangi. Inawekwa ili mama mwenye uwezo na mama asiye na uwezo waketi benchi moja bila mtu kujua nani ni nani. Siku hiyo anayetakiwa kuonekana toka mlangoni ni mtoto. Shangazi ukiingia na ndege yadi sita, ukumbi wote unageuka kwako, na najua hilo si lengo lako.

Ila hilo neno "rangi iliyopoa" mimi mwenyewe silipendi. Watu wanasema Tabora ni ya rangi ya asali na vumbi. Waje mwezi wa tisa na wa kumi kabla mvua haijaanguka waone miombo inavyochipua. Majani machanga yanatoka mekundu, shaba, mengine kama divai, msitu mzima unawaka kabla haujawa kijani. Nani alisema sisi tumepoa?

---

Fundi_Gungu

Mama, kwanza usikikate. Nisikilize.

Hicho kitambaa kina kichwa na miguu. Mbayuwayu wote wanaelekea upande mmoja, ndiyo? Basi kila kipande cha gauni lazima kikatwe kikielekea upande huo huo, mbele, nyuma, mikono, la sivyo mgongoni ndege wanaanguka kichwa chini. Kwa hiyo yadi nyingi zinapotea. Halafu kuna kuoanisha maua kwenye mshono wa kati nyuma, pale zipu inapokaa. Ukikutana na fundi anayebana kitambaa, ndege anakatwa shingo upande huu na bawa linaanzia upande ule.

Na ndege mkubwa, tazama anapokaa kifuani. Fundi asiyeangalia anaweka mmoja mmoja kila titi. Nimeona, si vizuri.

---

MamaBangwe

Fundi, umenigusa pabaya. Miaka ya nyuma nilipeleka kitenge changu kingine, cha tausi, kwa fundi mmoja hapa mjini. Nilipokwenda kuchukua, tausi wa mgongoni walikuwa wamelala chali. Nilisimama pale nikashindwa hata kuongea. Alisema nyuma hapaonekani. Sijamsahau, na ndiyo sababu mbayuwayu hawajatoka sandukuni.

Mnyanyembe, umesema neno la haki juu ya sare. Sikuwa nimeliangalia kwa upande wa mama asiye na uwezo. Nakushukuru, ndugu yangu.

---

Toka_Uvira

Habari zenu Kigoma. Mimi nilikulia ng'ambo, vitambaa ndiyo kazi ya nyumbani kwetu.

Mama, hakikisha kwanza ni waksi kweli, maana mbayuwayu wamenakiliwa sana. Geuza upande wa pili: waksi halisi rangi ni ile ile pande zote mbili, kwa sababu wanachapa utomvu mbele na nyuma kwa mapipa ya shaba yaliyochorwa, kisha wanakizamisha kwenye rangi ya nili. Ule utomvu ukipasuka, rangi inaingia kwenye nyufa. Hiyo ndiyo mishipa uliyoitaja. Sasa fanya hivi: mtafute ndege mmoja, tazama mishipa yake kwa makini, halafu mtazame ndege wa mfano huo huo yadi moja mbele. Mishipa ikifanana kabisa, mshipa kwa mshipa, hiyo imechorwa tu na mashine, ni nakala. Ikitofautiana, imepasuka yenyewe.

Historia yake inashangaza. Waholanzi walianza kwa kuiga batiki, vitambaa vya nta vya kisiwa cha Java, Indonesia. Kiwanda cha Vlisco kipo mji wa Helmond tangu 1846. Wanunuzi walioshika vitambaa hivyo kwa moyo wakaja kuwa wa pwani ya Afrika Magharibi, mwishoni mwa karne ya 19, na zile nyufa ambazo huko Java zilihesabiwa kasoro, Waafrika wakazipenda. Toka hapo kina mama wauzaji ndio waliokuwa wanavipa majina. Kuna kimoja cha ndege anatoka kwenye kizimba, jina lake ni kama mke anamwambia mumewe "ukitoka, natoka". Kuna kingine "mume wangu anaweza". Na huyo mbayuwayu wako, Ghana wanasema pesa ina mabawa, leo unayo kesho imeruka.

---

MamaBangwe

Nimekitoa sandukuni usiku huu, nimekitandaza kitandani na kuwasha taa zote mbili. Mishipa haifanani! Ndege wa kwanza ana ufa umetoka jichoni mpaka bawani. Mwenzake yadi inayofuata ufa umekatiza mkiani tu. Nimekaa nao kama saa nzima, kila mmoja ana uso wake.

Mama hakuwa na habari za pesa yenye mabawa. Yeye alikiita "Watarudi". Wale mbayuwayu wanaokuja kukaa kwenye nyaya wakati mvua zinaanza, wakaondoka wakati wa masika, alituonyesha tukiwa wadogo karibu na stesheni, akasema wanakwenda mbali sana lakini njia wanaijua. Baba alikuwa baharia wa ziwa, kwa hiyo mtaelewa.

---

Mtumishi_Kasulu

Dada yangu, kwa heshima zote nitatofautiana na wengi hapa. Mimi napenda rangi za utulivu na sidhani kama ni woga. Nyeupe, krimu, kijani cha jani kavu. Nikivaa hivyo nasikia nafsi imetulia, na watu wananisikiliza ninachosema. Nguo yenye ndege ishirini inaongea kabla yako. Si kila anayependa kupoa ameambiwa na mtu.

---

MamaBangwe

Mtumishi, nakupokea. Ukiipenda krimu kwa macho yako, vaa krimu, na naamini unapendeza. Ninachokataa ni kupangiwa. Mimi nguo ikiongea kabla yangu nafurahi, kwa sababu mara nyingi inasema kitu ambacho ningeshindwa kukisema.

Na kwa kweli krimu si adui wa hiki kitenge. Nimeweka kipande cha krepu ya sare pembeni yake. Rangi ya maziwa ina ujoto kidogo ndani, si nyeupe ya chaki, na mawese yanakaa juu yake kama yanavyokaa kwenye wali. Nyeupe kali ingekuwa imekata.

---

ShangaNaShaba

Jibu lako liko hapo hapo ulipoandika, mama. Vaa sare kamili kama kamati ilivyosema, gauni la maziwa lililonyooka, bila nakshi, bila lesi. Kitenge kiwe kwenye mapambo: kilemba, mkoba, hereni. Basi.

Mimi natengeneza mapambo, nikupe hesabu. Kilemba kizuri kinataka yadi mbili kwa nusu ya upana. Upana wa waksi ni kama inchi 46, kwa hiyo ukikata yadi mbili na kuzipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya inchi 23. Kimoja kilemba. Cha pili kinatoa mkoba wa mkononi na hereni, na kinabaki. Yadi nne za mama zinarudi sandukuni salama, na bado ni gauni zima siku ukimpata fundi wa kumwamini.

Kwenye mkoba usiwajaze ndege. Weka mmoja tu, mzima, kwenye mfuniko, bawa lifike karibu na ukingo. Ndege mmoja aliyekaa mahali pake anatosha.

Hereni ndiyo watu wanakosea. Wanachukua mbao nzito, sikio linachanika. Mimi natumia kibuyu kilichokauka. Unakata duara la sentimita tano au sita kwa msumeno wa meno madogo, unasugua kwa msasa mpaka ukingo uwe laini, unapaka gundi nyeupe ya mbao, unalaza kitambaa kikiwa kimepigwa pasi. Kibuyu kina mbonyeo kidogo, kwa hiyo kata kitambaa vipande vidogo ukingoni kabla ya kukunja nyuma, la sivyo kinajikunja. Gundi ikikauka, paka vanishi ya maji mara mbili. Usipake ya mafuta, itageuza buluu yako kuwa nyeusi na mawese kuwa kahawia. Ndoano tafuta za chuma cha pua, zile za bei rahisi nyingi zina nikeli na masikio ya watu wengi yanawashwa.

Kwa hereni usitafute ndege, hataenea. Tumia bawa peke yake. Ukikata bawa tu, mtu anaona umbo kwanza, halafu akiangalia kilemba ndipo anajua limetoka wapi.

---

Fundi_Gungu

Naunga mkono. Kilemba hakina kichwa wala miguu, kikisokotwa ndege wanaruka pande zote, na hapo hakuna kosa.

Kabla hujakata, loweka hizo yadi mbili kwenye maji baridi, anika kivulini upande wa ndani ukiwa nje. Pamba hurudi. Ukitengeneza mkoba bila kuloweka, siku ya kwanza kunyeshewa bitana inabaki kubwa na nje imesinyaa. Mkoba mimi nakufanyia, uje nao, na usimame hapo hapo wakati nakata. Ndege unamchagua wewe.

---

Mnyanyembe

Hili la mapambo kamati haiwezi kukataa. Ila dada, mtumie wifi yako picha kabla. Asije akashtukia ukumbini.

---

MamaBangwe

Nimemtumia. Amenyamaza siku mbili nzima nikawa sina raha. Jana akanipigia, akasema, "Wifi, hicho si cha mama?" Nikamwambia ndicho. Akasema yeye alikuwepo mama akikitoa kwenye robota, mwaka ule maji ya ziwa yalipanda. Mimi sikuwa najua. Akaniomba kitakachobaki cha kile kipande cha pili cha inchi 23, baada ya mkoba na hereni, ajifungie kilemba kidogo. Nikamkubalia papo hapo.

Leo nilikwenda kwa Fundi. Alitandika meza shuka safi kwanza. Nilichagua yule mwenye ufa toka jichoni mpaka bawani. Mkasi ulipoingia nilishika ukingo wa meza, lakini sikulia.

---

Toka_Uvira

Tuletee habari baada ya shughuli, mama.

---

MamaBangwe

Nimerudi. Nilikwenda na treni, usiku Uvinza, alfajiri tukawa porini Urambo, na Mnyanyembe hakudanganya: miombo ilikuwa imechipua. Nilifungua dirisha nikatoa mkoba nikauweka kwenye mwanga wa asubuhi kando ya yale majani mekundu. Mama mmoja kiti cha mbele akaniuliza kama nimeutengeneza kufuata msitu.

Ukumbini tulikuwa kina mama thelathini na kitu, wote rangi ya maziwa. Toka mlangoni tulionekana kitu kimoja, kama ilivyotakiwa, na juu ya hiyo rangi ya maziwa kulikuwa na vilemba viwili vya mawese, changu na cha wifi. Binti alipoingia alivaa kijani cha zumaridi, akang'aa kuliko sisi sote. Aliponijia kunisalimu alipiga magoti, akanyanyua mkono akashika hereni, akageuza kuangalia nyuma yake. Akaniuliza, "Shangazi, bawa la nani?"

Nikamwambia la bibi yako.

Yadi nne ziko sandukuni. Ameshaomba nisizikate mpaka atakaponiambia.

Kitu kimoja, ShangaNaShaba: hereni ya kushoto imeanza kubanduka ukingoni, upande wa nyuma, kama nusu sentimita. Niliikausha siku moja tu kabla ya vanishi.

---

ShangaNaShaba

Hiyo ndiyo sababu. Ipe siku mbili kivulini kabla ya vanishi. Sasa hivi usiipake chochote juu. Nyanyua ukingo kwa sindano, ingiza gundi kidogo kwa njiti ya kiberiti, bana kwa kibanio cha nguo ukiweka kikaratasi cha nailoni katikati ili kisigande. Acha mpaka kesho kutwa. Ukiona bado, nitumie picha ya nyuma.